Chumvi Niliyotia kwa Mkono Wangu

Jina la Yesu lipewe sifa, ndugu zangu, hapa mbele na kule nyuma karibu na mlango pia! Mchungaji ameniomba nisimame niseme Mungu alivyonitendea. Wengi mnanijua. Mimi ndiye Mama Ilunga, ninayepika chakula cha kuuza mtaani Kamalondo, kwenye barabara ya washonaji. Bukari ya unga wa mahindi, sombe ya majani ya mihogo, samaki, maharagi. Wengine wenu mmekula kwangu. Wengine mliacha kula, nami nawajua, lakini leo sikuja kugombana.

Mimi ni mtu wa kudadisi tangu utoto. Marehemu mama yangu alichoshwa sana na maswali yangu. Basi mume wangu alipofariki, kilio kilipokwisha, watu wa ukoo wake waliniketisha chini wakaniambia lazima nisafishwe. Watoto wako hapa, kwa hiyo nitasema kwa adabu: kwa desturi yao, mwanaume mmoja wa ukoo hulala na mjane ili kivuli cha marehemu kimtoke. Mjane asiyesafishwa haruhusiwi kutia chumvi katika chakula cha watu. Akitia, wanaokula watakohoa mpaka wadhoofike, na yeye mwenyewe atarukwa na akili. Nikauliza: kwa nini chumvi, na si mafuta? Kwa nini si pilipili? Walidhani nawadharau, kumbe nilitaka kujua kweli.

Nikawaambia kwamba mimi ni mtu wa Yesu, damu yake ilikwisha kunisafisha, na siwezi kulala na mwanaume asiye mume wangu. Aliyechaguliwa kunisafisha alikuwa shemeji yangu Kalenga. Ni mtu mpole, ana mke wake, na nadhani hata yeye aliona haya. Siku moja akanifuata jikoni peke yake.

"Shemeji, tuseme tu kama ilikwisha," akaniambia. "Miye nitasema, weye utanyamaza. Nani atajua?"

Ndugu zangu, nilitamani kukubali. Uongo mmoja mdogo, na hata si mimi ningeusema! Wateja wangebaki, watoto wangekula, na Kalenga angepumua. Lakini nikajiuliza: nikinyamaza, watu watasema nini? Watasema Mama Ilunga alisafishwa na Kalenga. Yesu atakuwa amewekwa kando kama sufuria iliyotoboka. Nikaona nitakuwa nimemwonea haya yule ambaye hakunionea haya mimi.

"Hapana, shemeji," nikamjibu. "Kama banakuuliza, sema kweli. Sema nilikatala sababu ya Yesu."

Akasema kweli, maskini. Na habari ikaenea Kamalondo nzima kabla sijaosha vyombo.

Hapo mateso yakaanza. Washonaji walipita wakinisalimia vizuri sana, huku wakienda kula kwingine. Watu walisimama ng'ambo ya barabara kutazama kama nimekwisha kurukwa na akili. Wenzangu wa kanisa walikuja kuniombea. Waliomba kwa machozi, wakaniwekea mikono kichwani. Kula, hawakula. Sombe iliyobaki tuliirudia mimi na watoto, tukairudia tena, mpaka Ilunga akaniuliza kama Mungu anatukataza samaki.

Jirani yangu, kwa wema, alinishauri nitafute mwanamke mwingine awe ananitilia chumvi. Nikakataa hilo pia. Nilitoa mbabula yangu ya makaa nje, mbele ya mlango, nikawa natia chumvi palepale watu wakiona. Msifikiri sikuogopa. Niliogopa. Nilikuwa nikionja mchuzi, kisha nasikiliza kifua changu. Je, kama wao ndio wenye haki? Nilimwambia Mungu wazi: Baba, mimi sijui mambo haya yataishaje, lakini nimekaa hapa nione utakavyofanya.

Basi mama mkwe wangu akaja kutoka Mitwaba. Nilipomwona anashuka na mizigo yake nikajua amekuja kunimaliza. Hakuingia ndani. Aliketi kwenye benchi la wateja, lile lililokuwa tupu, akaomba bukari na sombe. Washonaji wakasimamisha mashine zao.

"Munyu, ni weye mwenyewe ulitia?" akauliza habari ya chumvi, na barabara nzima ilisikia.

"Ndiyo, mama. Kwa mukono yangu."

"Bila kusafishwa?"

"Yesu alinisafishaka, mama."

Akanawa mikono, akakata tonge, akachovya, akala. Akakata tonge lingine. Hapo akakohoa.

Ndugu zangu, nilikimbilia kikombe cha maji! Mshonaji mmoja aliangusha mkasi. Mama mkwe alikohoa, akajipiga kifua, akafuta macho kwa ncha ya kitenge chake, akawageukia wale waliokuwa wanatazama.

"Ni pilipili," akasema. "Huyu mutoto anatiaka pilipili mingi tangu zamani. Mukule, ao murudie ku mashine."

Akaendelea kula mpaka sahani ikawa nyeupe. Mimi sikuweza kuvumilia, nikaketi karibu naye nikamuuliza kwa nini amekula. Alijibu polepole, kwangu peke yangu.

"Wakati baba ya bwana yako alikufa, balinisafisha. Nililia, lakini nilikubali, juu ya woga. Tangu siku ile niko najiuliza: kama ningekatala, ingekuwa namna gani? Maisha yangu yote nilitaka kujua."

Nililia mbele ya wateja, nami sioni haya kusema. Nilikuwa nimemwomba Mungu anipe mtu mmoja tu wa kula kwangu, naye akamleta yule niliyemwogopa kuliko wote. Siku zilizofuata tulimsikiliza kifua, mimi na Kalenga na barabara nzima, na hakukohoa tena. Washonaji wakarudi mmoja mmoja. Si wote. Kuna wanaopita mpaka leo wakinisalimia vizuri sana. Watu wa ukoo nao bado wana maneno. Lakini ule uzito wa kutembea nimeinamisha kichwa Mungu ameuondoa, na namshukuru mbele yenu.

Mama mkwe yuko hapa, ameketi pale na Ilunga. Bado hajabatizwa. Anasema bado ana maswali, na mimi namwambia aulize yote, kwa maana Mungu hakasirikii maswali. Wewe unayemficha Yesu kwa kuogopa ukoo, au kazi, au majirani, mwamini mbele ya watu uone atakavyofanya. Hata mimi sikujua.

Na baada ya ibada, nimepika. Wote mnakaribishwa kwangu, hasa nyinyi mlioniombea kwa machozi. Chumvi nimetia mwenyewe.