Emerensiana Lyamba na Vioo Vinavyojibu Mwanga

Baada ya miaka ishirini na miwili ya kulinda chupa na mizani, Mama Emerensiana Lyamba, fundi sanifu wa maabara ya sekondari yetu hapa Mpanda, anastaafu tarehe 30 Juni 1998. Mzaliwa huyu wa Mpimbwe hajawahi kusumbuliwa na unyenyekevu. Maabara aliiita "yangu", na mwalimu aliyerudisha mizani ikiwa na vumbi alijuta.

Mwaka 1994 alirudi kutoka semina ya Dar es Salaam na vipande vya kioo kinachopitisha umeme, pamoja na unga mweupe wenye chembe ndogo zisizoonekana hata kwa hadubini yetu. Unga huo ukipakwa kwenye kioo, ukachomwa, kisha ukalowekwa kwenye rangi ya tunda au ua, hunasa mwanga kama jani na kutoa umeme kidogo. Sisi tungeishia hapo. Yeye akauliza: vioo viwili vikiunganishwa, vinaweza kuamua jambo? Yaani sindano ya mita ipande pale tu vyote vinapopata mwanga, na kimoja kikikosa igome?

Januari 1996 bodi ya shule ilikuja kuamua kama chumba cha maabara kigeuzwe ghala la mahindi, kwa madai kwamba hakuna linalofanyika humo. Mama alikuwa ameandaa jagi la choya, yale maua mekundu yanayochemshwa kuwa kinywaji, la kulowekea vioo. Mpishi wetu, Mzee Cletus, akijua kuwa mgeni haachwi na koo kavu, akatia sukari na kuwamiminia wajumbe. Mama aliporudi, jagi lilikuwa tupu na mwenyekiti, Mzee Manyanda, mfugaji wa Kakese, alikuwa akiomba la pili. Tuliingiwa na hofu. Mama alitoka nje, akachuma zambarau, akaziponda na kuloweka vioo, huku Cletus akiagizwa achemshe choya nyingine, polepole.

Vioo vikaunganishwa na mita na kuwekwa juani, sindano ikapanda. Mzee Manyanda akafunika kioo kimoja kwa kofia, ikalala. Akafunua, ikaamka. Akahamia cha pili, akarudia mpaka wenzake wakagombea zamu. Kisha akauliza, "Nyie, hiki kidude kinafikiria au kinatii tu?"

Mama, ambaye hatukuwahi kumsikia akikosa jibu, alisema, "Sijui, baba. Ndo maana nakitaka chumba."

Mahindi yalipelekwa kwingine. Tangu hapo wanafunzi wamejaribu rangi za kila namna, na zambarau bado haijashindwa. Kwa nini, hatujui.

Mama Emerensiana, asante kwa ukali wako, kwa maringo yako, na zaidi kwa ile "sijui". Huko Mpimbwe, mpunga ustawi na wajukuu wakupe raha. Funguo tumezipokea, chumba bado ni chako.