Heda ya Zamani

Maji yalikuwa yakipwa, na boti iliyokuwa ikimrudisha Mwanamkisi kwao Chundwa ilikuwa imekwisha kuingia mkondo wa Mkanda, pale vijana wawili wa bara waliokaa mbele yake walipoanza kubishana kwa sauti za chini. Kioo cha kompyuta walichomfungia Nahodha Athman asubuhi ile, kimwonyeshe kina cha maji, kilikuwa kazi yao.

"Vipimo vipya viliingia jana," alisema msichana, Nerea. "Makefile ya folda ya kwanza ndiyo inayovigeuza kuwa heda, faili ambamo programu hupata kina cha maji. Ya folda ya pili inaunda programu yenyewe ya kioo, na wewe hukuiambia kwamba heda inategemea vipimo. Ikiikuta ya zamani, inaichukua tu."

"Kwangu ilikubali," alijibu mwenzake, Austin.

"Ilikubali kwa sababu ile ya kwanza uliiendesha kwa mkono. Jana uliiendesha?"

Austin akatazama maji. Katika yote yale Mwanamkisi alielewa neno moja tu, zamani, nalo halikumpendeza.

"Nadhani niliiendesha. Na fungu la mchanga halihami kwa mwezi mmoja."

"Kama halihami, tulikuja kupima nini?"

Mwanamkisi akageuka nyuma. "Bwana Athman, upondo wa kupimia maji u wapi?"

"Nimeuwata Amu, Bi," alijibu nahodha kwa raha, macho kiooni. "Leo hatuna haja nao."

Mwanamkisi akavua viatu, akavipakata. Nerea alikuwa bado anauliza habari za jana, boti ilipokwaruza chini, ikasita, ikasimama. Kwenye kioo, maji yalikuwa bado mengi.