Barua za Seif Kutoka Marekani

Assalaam alaykum, ndugu zangu. Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyeniacha hai mpaka nikapata kuyasema haya kwa ulimi uleule niliomkosea nao. Mnanijua: mimi ni Rahma, mke wa karani wa kampuni ya mafuta, nakaa hapahapa Matrah, ubavuni mwa Maskati. Mnanijua mpole. Leo mtanijua muongo.

Tulitoka Unguja mwaka 1964, mimi na mume wangu, mama yangu, na Zuwena, binti ami yangu, yatima aliyelelewa na mama. Kaka yangu Seif alibaki nyuma, tukiamini atapanda chombo kingine. Seif alikuwa mtu wa senema. Alikuwa na steringi wake mmoja, Mmarekani mrefu, mpanda farasi, akimuiga mpaka mwendo, na mama akimfokea kwamba atateguka kiuno bure. Kila mara akituambia, "Iko siku ntakwenda Marekani mie." Tukimcheka.

Tulikuwa na miezi miwili hapa alipokuja mlangoni jirani yetu wa Unguja, kashuka chombo siku hiyo. Mama alikuwa kalala na homa, kwa hiyo aliniambia mimi. Seif aliuawa siku zile za mwanzo za mapinduzi, na yeye mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliomfukia. Akaniachia amana ya kufikisha tanzia kwa mama, akenda zake kwa jamaa zake wa bara ya huku.

Ndugu zangu, kwetu tanzia haiwekwi. Mtu akifa, watu huambiwa, husomewa, huombewa. Nilijua hayo tangu utoto. Lakini nilipoingia ndani nikamkuta mama anatetemeka, akaniuliza, "Nani huyo? Kaja na habari ya Seif?"

Nikasema, "Kaja nayo, mama. Seif kapata meli, kenda Marekani."

Nilitaka homa ipoe tu. Nilijiambia kesho nitamweleza.

Kesho yake mama akaanza kuulizia barua ya Seif, na wiki zikapita akiuliza. Mama anasoma Qur'ani kuliko wengi wetu hapa, lakini maandishi ya kizungu hayajui. Mume wangu alikuwa akiniletea magazeti yaliyotupwa na wazungu wa kazini, na mimi nilisoma skuli, Kiingereza nakifahamu. Mwisho nikamkuta humo steringi wa Seif, maisha yake yameelezwa tangu utoto. Basi nikakaa mbele ya mama na karatasi mkononi, nikamsomea maisha ya Mmarekani yule kwa jina la kaka yangu, barua baada ya barua, miaka sita.

Yule alianza kwa kupeleka maziwa milangoni mwa watu, basi na Seif akapeleka maziwa. Yule alilipwa aanguke kutoka juu ya farasi badala ya wakubwa wa senema, basi Seif akapata kazi ya farasi. Kisha yule akawa mkubwa mwenyewe, akaingia kwenye televisheni, kila wiki akicheza askari wa mji mdogo. Mama aliuliza televisheni ni kitu gani. Nilimwambia ni sanduku, na mwanawe ni askari, akafurahi sana. Mmarekani alipovunjika mguu, mama alichinja mbuzi akatoa sadaka. Wake aliowaoa akawaacha, hao niliwaruka.

Siku moja mama akaniuliza, "Anasali?" Gazeti halikuwa na jawabu la hilo. Nikasema, "Anasali."

Na Zuwena je? Seif na Zuwena walisemewa ndoa tangu wadogo, kama ilivyo ada yetu ya binti ami. Walikuja wachumba, watu wa maana, mmoja mwenye duka kule Maskati, mtu wa dini na heshima zake. Mama akawarudisha wote. "Huyu mke wa Seif," akiwaambia. "Mwenyewe kaandika anarudi." Na kweli alikuwa kaandika, mwandishi nikiwa mimi. Zuwena alifika hapa na miaka kumi na saba. Alikaa akishona kofia za viua za bwana harusi, akimaliza moja anaanza nyingine, mpaka amefika ishirini na tatu. Nikimwona na sindano nilikuwa natafuta kazi jikoni.

Mwaka huu mume wangu akaniletea gazeti jingine. Nikaiona sura ya yule steringi, na chini yake imeandikwa kwamba amekufa kwa maradhi ya mapafu. Kumbe televisheni ilikuwa imeshamwacha zamani. Miaka yake ya mwisho alikuwa akialikwa kufungua maduka ya watu, avae nguo za askari, apigwe picha na wateja. Nilikaa chini jikoni nikalia. Nililia kilio ambacho Seif hakukipata kwangu, maana Seif sikuwahi kumlilia, nilikuwa nikimtungia barua.

Zuwena akanikuta pale. "Nani kafa?" akauliza.

Ndugu zangu, hapo Mwenyezi Mungu alinishika. Ningeweza kusema hakuna, na barua nyingine ningeitunga kwa kichwa changu. Nikasema, "Seif."

"Lini?"

"Mwaka tuliokuja."

"Weye miaka yote hii una mumeo," akasema, "na mie namshonea maiti."

Tukaingia kwa mama pamoja. Nilimweleza yote, na gazeti nikampa mkononi. Hakupiga ukelele. Aliuliza nani alimuosha. Nikamwambia hakuoshwa, wala hakuwa peke yake kaburini. Mama akasema, "Miaka sita namwombea afya maiti. Rehema hakuombewa hata na mamake." Kisha akataka maji atie udhu.

Khitma ilisomwa, nyumba ikajaa, wengine wenu mlikuwapo. Mimi ndiye niliyepitisha kahawa, na mama hakupokea kikombe kutoka mkononi mwangu. Zuwena ameposwa mwezi uliopita. Mashaurini sikuitwa, na nimestahiki.

Basi nasimama mbele yenu nikishukuru, kwa sababu nimetolewa katika uongo ule, ijapokuwa nimetoka na majeraha na nimewajeruhi wengine. Aliye na tanzia ya mtu moyoni aifikishe leo. Asijidanganye kwamba anamhurumia mfiwa. Aliyemuumba mama yangu ndiye aliyemuumbia na kifua cha kubeba msiba, na mimi nilijifanya nna huruma kumshinda Yeye. Mtegemeeni Mungu, ndugu zangu, katika kusema kweli.

Mama alikaa wiki nyingi bila kusema nami. Jana nilikuwa namkanda miguu, naye kageukia ukutani kama kawaida yake, nikasikia anauliza, "Yule Mmarekani, alikuwa na mama?"

Nikamwambia yupo, gazeti limemtaja, kikongwe, alihudhuria mazishi.

Kisha akasema, "Basi mwenzangu huyo. Mungu ampe subira."

Nikaitikia amin, na mama hakunikataza.