Jeska Aliyekataa Kushuka kwenye Trakta

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Sogeeni karibu na redio, ongezeni sauti kidogo. Leo tunamkumbuka Jeska Nibitanga wa Giteranyi, kule Muyinga. Alitutoka Jumapili iliyopita, akiwa na miaka hamsini na moja. Jeska alikuwa mkulima wa maharagwe. Lakini wengi mlimjua kwa jambo jingine. Jeska alifufua magari ya kuchezea ya zamani. Malori ya bati, trakta za watoto za kukanyaga pedali. Vitu ambavyo watu wazima huvitupa, yeye aliviokota.

Alizaliwa Tanzania, mtoto wa wakimbizi. Alirudi Burundi mwaka 2008 pamoja na mumewe Fredi na binti yao Happy. Siku ya safari, kila familia iliambiwa ichukue vitu vya lazima tu. Jeska alikuwa na kilori cha bati alichokipata mnadani Ngara. Kimeliwa na kutu, kimebaki na magurudumu mawili. Msimamizi mmoja akamwambia, "Mama, takataka hiyo ibaki."

Jeska hakubishana. Akaifunga takataka hiyo mgongoni kwa kitenge, kama mtoto mchanga, akapanda gari. Ndiyo, wasikilizaji. Jeska aliingia nchi ya wazazi wake na lori mgongoni.

Mumewe, Fredi, anasimulia: "Nilimwuliza, Mama Happy, tunakwenda kuanza maisha, lori bovu la nini? Akanijibu, 'Tangu nizaliwe naambiwa niache vitu. Hiki siachi.'"

Kilori kile alikitengeneza. Akatengeneza cha pili, na cha tatu. Majirani walicheka. Mama mzima anachezea vigari! Naye aliendelea kupiga msasa.

Mwaka 2016 alikwenda Gitega, mtaa wa Mushasha, kwenye harusi ya ndugu yake. Nyuma ya nyumba ya jirani akaona chuma kimefunikwa na majani. Ilikuwa trakta ya mtoto, ile ya kukalia na kukanyaga. Ya zamani sana. Usukani umevunjika, kiti hakipo, mnyororo umegandamana. Wenye nyumba walikuwa wanamngoja mnunuzi wa vyuma chakavu. Jeska akawaomba, wakampa. Akaibeba kichwani mpaka mtaa wa Nyamugari, mjini humo humo, akiwa bado na nguo zake za harusi, kutafuta fundi wa kuchomelea.

Fundi huyo ni Mzee Radjabu. Tulimtembelea wiki hii, naye alicheka kabla hajaanza kulia.

"Mi nilimwambia, mama, wacha, hii kitu iko imekufa. Akasema, basi nifundishe kuifufua. Nikamwambia, bon, kuchomelea iko kazi ya wanaume. We unajua alifanya nini? Alikaa pale kwenye mlango! Wateja wanaruka miguu yake. Saa kumi nikachoka. Nikamupa miwani ya kuchomelea."

Kwa miaka miwili, kila mwezi, Jeska alisafiri kutoka Giteranyi mpaka Nyamugari. Alinyoosha bati mwenyewe. Alichomelea mwenyewe. Mnyororo aliutoa kwenye baiskeli kuukuu. Rangi akachagua nyekundu. Mwaka 2018 trakta ile ikapanda juu ya basi, ikafika Giteranyi, na watoto wakapanga foleni uani kwake. Hakuna aliyefukuzwa.

Kisha tajiri mmoja wa Bujumbura akapata habari. Aliitaka iwe pambo hotelini kwake, ndani ya kioo, isiguswe na mtu. Elikana, mdogo wake Fredi, akakubaliana naye bei bila kumwuliza mwenye kitu. Asubuhi moja pikapu ya kuichukua ikaingia uani. Jeska akatoka jikoni, mikono ina unga wa muhogo, akaikalia trakta. Magoti yalimfika kidevuni.

"Shemeji, shuka. Unatuaibisha," Elikana akasema.

"Sishuki."

"Lakini ni kitu cha kuchezea tu!"

"Basi kichezewe. Mkikitaka, kipakieni nami nikiwa juu."

Alikaa pale tangu asubuhi mpaka saa tisa, jua kali, majirani wamejaa uzioni. Fredi alimletea maji. Hakumwambia ashuke.

"Nilisimama kando yake," Fredi anasema. "Elikana ni damu yangu. Lakini siku ile nilijua pa kusimama."

Pikapu iliondoka tupu. Elikana hakukanyaga nyumba ile kwa miaka mingi.

Mwaka 2022 Jeska alipatwa na kiharusi. Mkono wake wa kulia ukalegea. Happy, binti yake, anakumbuka: "Nilimwambia, mama, sasa pumzika. Akaniambia, 'Huu umegoma. Ule wa kushoto bado hatujauuliza.'"

Kwa mkono wa kushoto alimaliza malori saba. Malori saba, wasikilizaji! Rangi zilivuka mistari kidogo. Mwenyewe alisema, anayeona kasoro alete mkono wake.

Kiharusi cha pili ndicho kilichomchukua. Jumanne alizikwa. Elikana alikuja. Alishika jeneza upande wa mbele, njia nzima, akakataa kupokewa.

Kwa Fredi, kwa Happy, kwa Mzee Radjabu, na kwako wewe Elikana pia: poleni sana. Mungu awatie nguvu, naye ampokee Jeska wetu.

Wenzangu hapa studio walipendekeza tukae kimya dakika moja. Nimekataa. Mwanamke huyu aliambiwa anyamaze mara nyingi mno. Badala yake nakuuliza wewe unayenisikia: ni kazi gani unayoipenda kwa moyo wako wote, nawe umeificha chumbani kwa kuogopa kuchekwa? Itoe leo. Iweke uani, mchana kweupe. Wanaotaka kucheka, wape nafasi wakae.