Sahihi ya Mkufunzi

Asubuhi hiyo birika la kahawa lilikuwa limeshapungua nusu, na benchi letu la kona lilikuwa na kazi rasmi: kumjazia Fundi Cherehani fomu. Baada ya miaka ishirini na miwili ya yeye kutengeneza cherehani za mtaa mzima, pamoja na ile inayoshona sare za Ofisi ya Leseni, ofisi hiyo imegundua kwamba hana cheti. Fomu ikifika kabla ya saa sita, anaendelea na kazi. Isipofika, kibanda kinafungwa. Kurasa tatu tulizimaliza upesi. Tukakwama kwenye mstari mmoja: jina na sahihi ya mkufunzi.

— Andika mimi, alisema Mwalimu Mstaafu. Mtu hajui kitu mpaka akiandike daftarini.

— Mimi sina daftari, mwalimu, alisema Fundi.

— Ndiyo maana huna cheti.

Kinyozi akapinga. Kwake elimu ni woga: yeye alijifunzia kwenye kichwa cha kaka yake, asubuhi ya harusi ya kaka huyo, na tangu hapo mkono haujatetemeka. Dereva, ambaye huongea mara moja kwa wiki, akasema elimu hukaa vidoleni, hivyo wanafunzi wote wafungwe vitambaa machoni. Mwalimu akauliza mitihani itasahihishwa na nani. Dereva alikuwa ameshamaliza maneno yake ya wiki.

Fundi alikuwa hatulii, mara asimame, mara atazame saa.

— Jamani, saa tano na robo. Mimi nilijifunzia kwenye cherehani ya shangazi. Niliiua mara tatu. Kila mara ananiambia, haya, ifungue tena.

Nyuma yetu alikuwa amesimama mama mmoja mshonaji, amekuja kuulizia cherehani yake.

— Shangazi yako alikuwa fundi?

— Hata kutunga uzi kwenye sindano hajui.

— Sasa alikufundisha nini?

Kinyozi akatikisa birika. Limebaki tope tu. Fundi akachukua kalamu, akaandika jina la shangazi.

— Na sahihi? akauliza Mwalimu.

— Nampitia sasa hivi. Kuandika hajui, atatia dole gumba.

Mwalimu akapapasa koti, akatoa kile kikopo cha wino wa muhuri alichostaafu nacho.

— Mwambie akandamize vizuri. Ofisini wanapenda kusoma.