Nesi Elisifa Alikataa Jogoo, Akapokea Sale

Leo, tarehe 30 Juni, Nesi Elisifa Lyimo anatimiza miaka thelathini na minne ya utumishi katika zahanati yetu hapa Mwika, na leo hii anastaafu. Kesho chumba cha wazazi kitafunguliwa na mkono mwingine. Wenzangu wamenipa kazi ya kuandika haya kwa sababu mimi ndiye ninayefagia chumba hicho, na mwanangu amezaliwa humo humo.

Alikuja bado binti, ametoka mafunzoni Moshi mjini, na sanduku la bati na viatu vyeupe. Barabara ilikuwa ya udongo mtupu, na masika yakianza hakuna gari lililopanda. Viatu vile havikumaliza mwezi. Akanunua mabuti ya shambani, akawa anayavua mlangoni kabla ya kuingia kazini, ndiyo maana mpaka leo wazee wengine wanamwita Nesi Mabuti. Kina mama walioshindwa kuteremka aliwafuata huko huko migombani, mvua inamnyeshea.

Sisi tuliozaa hapa tunamkumbuka kwa mkono wake. Una joto. Uchungu ukikaza anakushika mgongo na kukuambia polepole, "Mama, usigombane nao, ufuate." Na kweli, unafuata.

Jambo moja tu lilitushinda: kumshukuru. Utaratibu wa kazi unasema mtumishi wa serikali asipokee zawadi kwa kazi anayolipwa mshahara, wala asifanyiwe sherehe kubwa ya kuchangisha wananchi. Wapo wanaosoma hayo siku ya kuajiriwa, wakayasahau. Yeye hakuyasahau. Ukimpelekea mkungu wa ndizi anaupokea kwa mikono miwili, anashukuru, halafu unaukuta jikoni kwa wazazi, unamenywa, mtori wa wote.

Mzee Eliufoo, ambaye wajukuu wake wote wamepokelewa na Nesi, akaona atumie akili. Aliachia jogoo wake uani kwa Nesi, akaondoka kimya. Jumapili, wakati wa matangazo kanisani, Nesi akasimama: kuna jogoo mwekundu amepotea, mwenyewe ajitokeze. Mzee akainamisha kichwa kama anayesali. Hakujitokeza mtu, basi baada ya ibada jogoo akaingizwa mnadani pamoja na ndizi na maziwa ya sadaka. Bibi Ndelilio, mkewe, akamtupia neno mbele za watu: "Nunua basi, baba. Huyu si anafanana na wetu?" Mzee akamnunua jogoo wake mwenyewe. Hata mchungaji alishindwa kuzuia kicheko.

Mwaka huu, kustaafu kulipokaribia, Mzee Eliufoo akaunda kamati. Turubai, matarumbeta kutoka mjini, ndafu, yaani mbuzi mzima wa kuchoma, na mtamba wa maziwa aliyefungwa utepe shingoni. Nesi alipopata habari alisema kwa upole kwamba wakifunga turubai, yeye siku hiyo atateremka Kahe kwa dada yake. Hakuwa anatania. Tukaona ataondoka kama mpita njia, na sisi tutabaki na asante zetu.

Asubuhi moja Mzee akapanda ngazi za zahanati ameshika sale, limekatwa pamoja na kijiti chake. Huku kwetu sale ni jani la kuombea radhi au jambo zito. Ukiletewa sale, hata na mtu mliyegombania naye mpaka wa shamba, humpi mgongo. Nesi alikuwa barazani anapima watoto uzito. Akasimama.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Leo sijaleta kuku." Baraza zima tukacheka. "Nimeleta hili. Tukubalie tukuage."

Nesi alilitazama lile jani, akafuta mikono kwenye aproni.

"Hapo umenifunga, Mzee. Lakini iwe chai tu. Kila mama aje na mtoto niliyempokea, na mkono mwingine uje mtupu."

Ndiyo maana leo hamuoni turubai. Mganga mfawidhi wetu amethibitisha kwamba kuagana kwa chai na maneno mazuri hakuna ubaya. Mnachokiona uwanjani ni watoto wake. Wengine wameshikwa mkono, wengine wana ndevu na funguo za bajaji, na yupo aliyebeba mgongoni mtoto aliyepokelewa na mikono ile ile iliyompokea yeye. Wangu ndiye wa mwisho, bado ananyonya. Nitamsimulia.

Lile sale nalo hakwenda nalo nyumbani. Alilipanda langoni mwa zahanati, na limeshatoa jani jipya.

Nesi Elisifa, asante kwa mikono yako. Nenda ukanywe chai yako ikiwa bado ya moto. Mungu akupe afya, na siku zako za mbele ziwe njema kama ulivyozifanya zetu. Na kesho alfajiri, ukiwa si mtumishi tena, ukisikia jogoo anawika uani kwako, tafadhali usimtangaze kanisani.