Shavu Lenye Kovu

Asubuhi hiyo benchi la pale kona lilikuwa na pengo la mtu mmoja, na hakuna aliyethubutu kulikalia. Gundi, fundi viatu, alikuwa amezikwa juzi. Mchora vibao, ambaye kijiwe kizima humwita Fundi Rangi, aliegemeza kibao kwenye nguzo ya taa mbele ya wenzake wawili: Mshonaji na Waziri, tarishi mstaafu aliyepewa uwaziri kwa ajili ya suti yake moja. Kibao kilikuwa cha kaburini, uso wa Gundi upande mmoja, jina kando yake. Binti wa marehemu alikuwa njiani kukichukua. Fundi Rangi alikuwa amekunywa kahawa na Gundi miaka kumi na moja, na kazi hii ya mwisho hakutaka iwe na dosari hata chembe.

— Kimeelemea, alisema Mshonaji. Uso mzito huku, maandishi mepesi kule. Ningeshona koti hivyo, mteja angetembea upandeupande.

— Ndiyo maana kovu nimeliweka shavu la huku, karibu na jina. Linaleta mizani, halafu linavuta jicho lije kusoma.

Kovu hilo Gundi alilipata kwa kisu cha kukatia soli. Picha pekee iliyopatikana, ya kitambulisho, ilipigwa kabla hajaumia.

— Jina dogo! Waziri alifoka. Ofisini kwetu, barua ya herufi ndogo ilikuwa ya kumfukuza mtu kazi.

— Nikilikuza litakula nafasi tupu, bwana. Nafasi ndiyo pumzi ya kibao.

— Pumzi ya nini, na mwenyewe kishaishiwa?

Walicheka, kisha kila mmoja akajutia kicheko chake. Mwenye birika la kahawa aliwamiminia tena bila kuulizwa.

— Na anatazama kushoto, Waziri aliendelea. Mabosi wote kwenye picha za ukutani ofisini walitazama kulia. Akaja mmoja picha yake inatazama kushoto. Hakumaliza mwezi! Na lifti ikafa siku hiyohiyo.

— Acha hizo! alisema Fundi Rangi. Sasa Gundi watamfukuza wapi?

— Nyie chekeni tu, alisema Mshonaji, sauti imeshuka. Mimi nimepima mabega ya watu miaka thelathini. Hakuna aliye sawa pande zote. Bega likianza kushuka, ujue kifo kimeshaliwekea mkono. La Gundi lilishuka mwaka jana.

— Uliliona ukanyamaza? Fundi Rangi aliuliza.

— Ningemwambia nini?

Fundi Rangi alijifanya anafuta doa la rangi kidoleni.

Ndipo binti alipofika, na begi la safari bado begani.

— Shikamooni, baba zangu.

— Marahaba, mwanangu. Pole sana.

Aliinama mbele ya kibao, akakitazama kwa muda mrefu.

— Niliondoka nyumbani kabla hajaumia, alisema. Hata kwenye simu ya video alikuwa hakubali nimwone. Kovu lilikuwa shavu hili kweli?

— Hilohilo, alisema Mshonaji. Au… hapana. La pili.

— La kulia, alisema Waziri. Kulia kwake au kwetu, hapo ndipo sina hakika.

Wote wakamgeukia Fundi Rangi. Alifumba macho. Aliiona mikono ya Gundi, uzi uliopakwa nta, kucha ya gumba iliyoingia weusi wa dawa ya viatu. Shavu halikuja. Miaka yote hiyo walikaa bega kwa bega wakitazama barabara, wakajua gari la kila mtu. Aibu ilimshika mpaka masikio yakawaka.

— Sijui, mwanangu, alisema. Nililiweka pale palipopendeza.

Binti aliitikia kwa kichwa. Alitoa shuka kwenye begi, akakifunga kibao, uso ukiwa ndani.